Kazi ya majaribio kabla ya ajira: dhana potofu na ukweli

Dhana: mtu hodari utamjua kwenye usaili, hakuna haja ya kumpa kazi ajaribu.

Usaili wa maongezi hupima zaidi ufasaha wa kuongea. Mwaka 2022 mwanasaikolojia Paul Sackett na wenzake walichambua upya matokeo ya tafiti za miaka mingi, wakitaka kujua ni njia ipi ya kuchuja waombaji inayotabiri utendaji wao baadaye. Kwenye kipimo ambacho 0 ni kubahatisha tu na 1 ni utabiri usiokosea, usaili usio na mpangilio ulipata 0.19. Miaka ya uzoefu, ile ambayo matangazo ya kazi hayachoki kuidai, iliambulia 0.07. Kumpa mwombaji kipande cha kazi halisi akifanye kulipata 0.33.

Dhana: basi kazi ya majaribio haidanganyi.

Hapa mashabiki wa njia hii hupitiliza. Mwaka 1998 watafiti Schmidt na Hunter waliipa 0.54, wakaiweka kileleni, na namba hiyo inanukuliwa mpaka leo. Hesabu za baadaye ziliishusha. Katika orodha ya 2022 inapitwa na usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mtu na vigezo vilivyowekwa mapema, uliopata 0.42. Jaribio lisilo na mwongozo wa kusahihishia linabaki kuwa suala la nani kampendeza bosi. Na likitolewa Ijumaa jioni lirudi Jumatatu asubuhi, kinachopimwa ni nani hana mtoto wa kulea wala ajira nyingine.

Dhana: jaribio refu linaonyesha mengi zaidi.

Saa mbili tatu zinatosha kuona kama mhasibu anaweza kulinganisha taarifa ya benki na daftari lake, au kama mhariri anayaona makosa. Kufika siku ya tatu mwajiri hajifunzi jipya kubwa. Anachovuna ni kazi iliyokwisha kufanyika.

Dhana: asiyeajiriwa hana ujira wa kudai.

Hii ndiyo inayowaumiza wengi. Sheria za nchi nyingi huangalia kilichofanyika, si jina kilichopewa. Mwongozo wa serikali ya Uingereza unasema jaribio linalozidi siku moja, isipokuwa kwa nadra sana, linastahili angalau kima cha chini cha mshahara. Australia inaruhusu jaribio lisilo na malipo pale tu mwombaji anapoonyesha ujuzi wake chini ya usimamizi, kwa muda usiozidi unaohitajika: kati ya saa moja na zamu moja, kutegemea kazi yenyewe.

Mimi hutazama jambo moja: matokeo yanakwenda wapi? Swali ambalo kampuni ilikwisha kulitatua zamani, likatolewa lilelile kwa waombaji wote, ni mtihani. Tafsiri inayopelekwa kwa mteja au nembo inayochapishwa ni kazi, na kazi hulipwa. Inawezekana kabisa: Automattic, kampuni inayoendesha WordPress.com, huduma ya kutengeneza tovuti, kwa miaka mingi iliwalipa waombaji wake dola 25 kwa saa, bila kujali cheo walichoomba.

Dhana: kuuliza malipo au ukomo wa jaribio ni kujiharibia nafasi.

Kuna waajiri watakaokasirika, ni kweli. Ila uliza kabla hujaanza, kwa maandishi: litachukua saa ngapi, nani atasahihisha, kuna malipo? Mwajiri aliyejipanga ana majibu tayari.

Dhana: kazi ya majaribio ni sawa na kipindi cha matazamio.

Hapana. Aliye kwenye matazamio ameshaajiriwa, ana mkataba na mshahara.

Dhana: ukishawasilisha, kazi ni mali yao.

Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, kazi ya mtu ambaye si mwajiriwa ni yake mwenyewe mpaka aihamishe kwa maandishi yenye sahihi yake. Kwa hiyo soma fomu unayopewa kabla ya jaribio. Mara nyingi kifungu cha kuhamisha haki huwekwa humo, kwa herufi ndogo.