Fibroidi: kufuatiliwa si kunyimwa matibabu

Fibroidi ni uvimbe wa misuli na nyuzi unaoota kwenye ukuta wa mji wa mimba. Si saratani, na wengi walio nao hawana habari nao.

Linaloniumiza ni hili. Mwanamke anaambiwa na daktari, "Huu tutaufuatilia kwanza," naye anatoka akiamini amenyimwa matibabu. Nyumbani ndugu wanamzidishia hofu: uvimbe wa sentimita 6, unangoja nini? Jamani, sentimita peke yake haziamui. Uvimbe wa sentimita 2 ulioota chini ya utando wa ndani unaweza kumfanya mtu alowanishe pedi kila baada ya saa moja, atoe mabonge ya damu, na damu impungue hadi ngazi chache tu zimwache akihema. Wa sentimita 6 ulioota upande wa nje unaweza kukaa miaka bila kumsumbua, au ukambana kibofu tu, akawa haamki usiku ila kwenda kukojoa. Ndiyo maana daktari makini huuliza umeota wapi, unakusumbuaje, kama bado unataka kuzaa, na una umri gani, maana hedhi ikishakoma fibroidi kwa kawaida husinyaa zenyewe.

Kufuatilia kuna kazi yake: tarehe ya kurudi, ultrasaundi nyingine ikihitajika, kipimo cha wingi wa damu, na dalili ulizotajiwa za kukurudisha mapema. Uvimbe unaokua baada ya hedhi kukoma haungojewi, huchunguzwa.

Hata wakati wa kutibu ukifika, kisu si lazima. Ziko dawa za kupunguza damu ya hedhi, kitanzi chenye homoni, sindano za kuusinyaza kwa muda (ukiziacha hukua tena), na kuziba mishipa inayoulisha. Na upasuaji ni wa aina mbili, tafadhali tusiuchanganye. Kuna kutoa fibroidi na kubakiza kizazi: mimba bado inawezekana, ila na uvimbe mwingine unaweza kuota. Na kuna kutoa kizazi chote, ambapo hakuna tena fibroidi wala mimba.

Kwa hiyo mtu akikwambia daktari amekataa kumtibu, muulize kwa upole amepangiwa kurudi lini na aliambiwa aangalie nini. Akiwa na majibu, mwambie tu asiikose hiyo tarehe. Asipokuwa nayo, arudi akaulize.