Mche na mwanga wa kijani

Wanaootesha mbegu ndani ya nyumba wameambiwa miaka nenda rudi kwamba jani halina haja na mwanga wa kijani. Eti huurudisha wote, ndiyo maana tunaliona la kijani. Kwa hiyo hununua taa za zambarau, zenye nyekundu na bluu tu.

Si kweli. Jani hurudisha sehemu ndogo tu ya kijani, na sehemu kubwa huinyonya. Mwaka 1972 mtafiti wa mimea Keith McCree alichapisha vipimo vya mimea mingi ya mazao: rangi zote tunazoziona, kijani ikiwemo, ziliendesha usanisinuru, yaani jani kujitengenezea chakula kwa mwanga. Nyekundu na bluu hunaswa mapema, juu ya jani. Kijani hupenya hadi tabaka za chini, ambako seli zingebaki kwenye kivuli.

Taa ya zambarau huotesha, sikatai. Lakini chini yake mche wa nyanya huonekana karibu mweusi, na jani linaloanza kugeuka manjano hulioni mpaka limeharibika. Kwa hilo peke yake ningechagua LED nyeupe.

Mbegu ya nyanya yenyewe huota hata gizani, ikipata unyevu na joto la nyuzi 20 hadi 27 hivi. Taa iwashwe mara tu shingo ya mche inapochomoza udongoni. Ukichelewa siku 2 tu, utakuta kishina kirefu, cheupe, kimelala ubavu.