Yuniti nne zilizogeuka saba

Kila Septemba, muhula ukianza, kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakayebisha mlango wa ofisi yangu chuoni na transkripti, yaani hati ya matokeo yake, mkononi. Mwaka jana alikuwa kijana wa baiolojia. Alitaka kemia iwe somo lake dogo, yaani la pili kando ya somo kuu, na hesabu alishaipiga: yuniti mbili za kemia ya jumla amefaulu, zimebaki nne, na mihula imebaki minne. "Daktari, si zinatosha?"

Kwa kuhesabu tu, zinatosha. Tatizo ni kwamba yuniti za kemia hupandwa kama ngazi. Kemia ya jumla ya kwanza hufungulia ya pili, ya pili ikafungulia kemia kaboni, nayo kemia kaboni ina sehemu mbili zinazofuatana. Idara nyingi hufundisha kila moja mara moja tu kwa mwaka. Ukikosa kujisajili Septemba, unangoja Septemba nyingine.

Kilichomkwamisha hasa ni yuniti ya nne. Alikuwa amechagua kemia ya kifizikia, ile ya joto, nishati na kasi ya mmenyuko. Jina lake zuri, lakini haishikiki bila kalkulasi na fizikia, na kijana huyu hisabati aliiaga pale KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Kalkulasi mbili na fizikia moja ndizo zilizogeuza nne kuwa saba.

Idadi yenyewe hutofautiana kati ya chuo na chuo. Marekani, ambako mfumo wa somo kuu na somo dogo umezoeleka sana, somo dogo la kemia mara nyingi huwa kati ya kredi 18 na 24, kredi zikiwa kipimo cha uzito wa yuniti. Vyuo vingi huko huweka masharti mengine ambayo wengi hawayasomi: alama isiyopungua C katika kila yuniti, yuniti kadhaa za juu zifanyiwe chuoni hapo hapo, na kikomo cha yuniti zinazoweza kuhesabiwa kwa somo kuu na somo dogo kwa pamoja. Hili la mwisho huwashtua sana watu wa baiolojia, maana biokemia ni ya pande zote mbili.

Halafu kuna maabara. Mtu aliyefanya Karatasi ya 3 ya kemia ya KCSE, ile ya vitendo, anajua bureti na pipeti za kupimia vimiminika, anajua ile rangi ya waridi ya kiashiria cha fenolfthalini inayotokea kwa tone moja na kuharibiwa na tone la pili. Chuoni, mchezo huo ni saa tatu kwa kipindi kimoja, na kwa kawaida saa hizo tatu huhesabiwa sawa na saa moja tu ya mhadhara. Ndiyo maana ratiba hujaa kuliko kredi zinavyoonyesha. Ukikosa vipindi kadhaa, unaweza kuzuiwa kufanya mtihani hata kama mihadhara umeihudhuria yote. Usiniambie Thika Road ilifungana. Mimi pia huipitia.

Kwa anayelenga ualimu, neno moja. TSC, tume inayoajiri walimu Kenya, hutaka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundishia, na awe alipata angalau C+ katika kila moja kwenye KCSE. Usidhani somo dogo moja kwa moja ni somo la kufundishia. Peleka orodha ya yuniti zako uthibitishiwe mapema, si baada ya kuvaa joho.

Kijana wangu tulimpata njia. Tuliiondoa kemia ya kifizikia na mahali pake tukaweka kemia changanuzi, ile ya kupima kilichomo katika sampuli na kiasi chake, ambayo ilimtaka kemia ya jumla pekee, aliyokuwa nayo. Kemia kaboni ya kwanza alijisajili juma hilo hilo, siku mbili kabla dirisha la usajili halijafungwa. Fomu ya kutangaza somo dogo alikuwa hajawahi hata kuiona. Mkuu wa idara aliitia sahihi akiwa amesimama koridoni.