Mimea itambaayo isiyopukutisha majani: dhana potofu na ukweli wake

Wengi huchagua mmea wa kutambaa kwa kuangalia jani. Wanaona jani zito, la kijani kinachong'aa, na uamuzi unakwisha hapo hapo kitaluni. Mimi nasema swali la kwanza liwe hili: mmea huu unashika vipi? Mwanasayansi Charles Darwin, aliyechapisha uchunguzi wake kuhusu mimea ya aina hii mwaka 1865, aliigawa katika makundi manne kwa namna inavyopanda: inayojizungusha kwenye nguzo, inayokamata kwa viungo vyenye hisia ya mguso, inayojikwamisha kwa miiba, na inayong'ang'ania kwa vijizizi. Ukishajua mmea wako ni wa kundi gani, dhana nyingi zifuatazo hazitakupoteza.

"Mmea wa kutambaa utapanda wenyewe, popote utakapouweka"

Hii ndiyo dhana inayoleta hasara kubwa kuliko zote. Ukuta mtupu, laini, usio na waya, unapandwa hasa na aina mbili kati ya zile zisizopukutisha majani zinazofahamika sana: aivi (Hedera helix) na mtini mdogo wa ukutani (Ficus pumila). Hizi huota vijizizi kwenye upande wa shina unaogusana na ukuta. Ligeuze shina la aivi ulione: upande mmoja una vinyuzi vifupi vilivyobanana kama nywele za brashi, upande wa pili hauna kitu.

Bogenvilia haina chochote cha kushikia zaidi ya miiba yake. Porini huegemea miti mingine, miiba ikizuia matawi yasiteleze. Ukutani isipofungwa, itaanguka kifudifudi siku ya upepo. Trachelospermum jasminoides, ambayo watu huiita asumini kwa harufu ya maua yake meupe, hujizungusha, kwa hiyo inataka waya au ufito mwembamba. Ukiipa nguzo nene sana itahangaika. Na mpesheni hutumia vishikizi. Huo ni mmea wa kutazama kwa karibu: kishikizi hutoka kikiwa kimenyooka, kinapepesuka taratibu hewani, kikigusa waya ncha yake hujikunja na kuukamata. Halafu sehemu iliyobaki katikati hujisokota, nusu ikielekea upande huu na nusu nyingine upande ule, mpaka inakuwa springi. Ndiyo maana upepo huuyumbisha mpesheni bila kuung'oa. Lakini kishikizi hicho hakiwezi kuzunguka boriti. Kipe waya au wavu.

"Usiopukutisha majani haudondoshi jani hata moja"

Kila jani lina umri wake. Tofauti ni kwamba mmea huu hauyaachii majani yote kwa msimu mmoja. La zamani linaondoka huku mapya yapo. Kwa hiyo majani machache ya ndani, karibu na shina, yakigeuka njano na kuanguka, usikimbilie dawa. Wasiwasi uje pale majani machanga ya nchani yanapokuwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hapo mara nyingi mmea unakosa madini ya chuma, au udongo una chokaa nyingi kiasi kwamba mizizi haiwezi kuyachukua.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Bogenvilia inayokaa na majani mwaka mzima penye joto na unyevu huweza kubaki matawi matupu ukame ukizidi au baridi ikija, kisha ikachipua tena. Trachelospermum hugeuka rangi ya shaba kwenye baridi na watu wakadhani inakufa. Iache. Kwa upande mwingine, wisteria na Parthenocissus, mimea mingine itambaayo, huonekana kitaluni zikiwa zimejaa majani, na mnunuzi akaamini zitabaki hivyo. Hizo hupukutika zote.

"Aivi hunyonya mti na kubomoa ukuta"

Aivi si kimelea. Vile vijizizi vya shinani ni vya kushikia; chakula chake hutoka kwenye mizizi yake yenyewe ardhini na kwenye majani yake. Madhara kwa mti yapo, ila hutokea kwa njia nyingine: mti uliokwisha kudhoofika unaweza kufunikwa ukakosa mwanga, na rundo lile la majani hukamata upepo mwingi.

Kuhusu ukuta, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walilichunguza jambo hili kwa ajili ya English Heritage, taasisi ya kutunza majengo ya kale, kwenye kuta za kale za Uingereza. Walikuta kwamba aivi hupunguza mabadiliko makali ya joto na unyevu yanayochakaza mawe. Hiyo ni kwa ukuta imara. Ukuta wenye nyufa, au lipu inayobanduka, ni habari tofauti: tawi jembamba huingia ufani, linanenepa, na ufa unapanuka. Vivyo hivyo chini ya vigae na ndani ya mifereji ya maji ya paa. Kagua ukuta kabla ya kupanda. Na ukitaka kuiondoa siku moja, usiivute ikiwa mbichi, maana itatoka na rangi au lipu. Kata shina chini, subiri ikauke kabisa, ndipo uibandue. Alama za vijizizi utazisugua kwa brashi ngumu.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Aivi na Ficus pumila zina maisha mawili. Zikiwa changa hulala bapa ukutani na majani madogo mazuri. Zikifika juu na kupata mwanga wa kutosha, hutoa matawi manene yanayojitokeza nje, majani yanabadilika umbo na ukubwa, na vijizizi havioti tena. Ndipo zinapozaa. Mche uliotokana na tawi la utu uzima hubaki kichaka, haupandi ukuta. Uliza umetoka tawi lipi. Na kama unataka Ficus pumila ibaki kama zulia, pogoa matawi yanayojitokeza kila yanapoonekana, usisubiri yakomae.

"Bora ule unaokua haraka"

Unaokua haraka hausimami ukifika pale ulipotaka. Thunbergia grandiflora ina maua ya buluu ya kupendeza mno, na ndiyo hiyo hiyo iliyogeuka gugu sumbufu Australia, ikifunika miti mizima na kujihifadhi kwa viazi vikubwa ardhini. Ningemshauri mwenye uzio mfupi achague Trachelospermum, avumilie mwaka wa kwanza na wa pili inapojenga mizizi, kuliko kupanda jitu ambalo atalikata maisha yake yote.

"Majani mengi huleta nyoka na mbu"

Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Jani lenyewe haliwazalishi, ingawa mbu wakubwa hupumzika mchana kwenye kivuli kizito. Nyoka naye hufuata panya, mijusi na maficho, kwa hiyo tatizo ni lile pindo la majani linalolala chini pamoja na takataka zake. Pogoa sehemu ya chini hadi uone udongo, fagia majani makavu, usirundike mbao pale.

Wengine huamini mmea wa mapambo hauwezi kuwa na madhara. Matunda ya aivi ni sumu na utomvu wake huwasha ngozi. Kati ya mimea mingine itambaayo, alamanda nayo ni sumu, na Gelsemium sempervirens ni sumu kuanzia mzizi hadi ua. Penye watoto wadogo, mpesheni wa matunda ni chaguo la busara zaidi, na unapopogoa chochote vaa glavu.

"Panda ukigusana na ukuta ili ushike upesi"

Chini ya ukuta ndipo pakavu kuliko kote bustanini, kwa sababu ukuta na paa huzuia mvua, na msingi hunyonya unyevu. Chimba shimo sentimita 30 hadi 45 kutoka ukutani, ulaze mche kidogo kuelekea ukuta, uelekeze kwa kijiti. Waya uuweke mbali na ukuta kama sentimita 5 ili hewa ipite nyuma ya majani. Mwagilia hata msimu wa baridi usio na mvua, maana majani yaliyoko shinani yanaendelea kupoteza maji. Weka matandazo, ila yasiguse shina. Matawi ya bogenvilia na jamii zake yaelekeze kulala ubavuni badala ya kuyaacha yakimbilie juu. Tawi lililolazwa huchipua urefu wake wote na kutoa maua kuanzia chini. Unapofunga, pitisha kamba katikati ya tawi na waya kwa umbo la nane, na iache ilegee, kwa sababu shina litanenepa.