Mti mrefu peke yake haulindi udongo

Kwenye miteremko ya Elgon na Kigezi, nchini Uganda, utasikia: "Panda miti, majani yatapokea mvua, udongo hautachukuliwa." Nusu tu ya hayo ndiyo kweli.

Majani hupokea mvua, na manyunyu huweza kuishia huko huko juu yakakauka. Mvua kubwa ni habari nyingine. Matone madogo huungana kwenye jani, yakadondoka nchani yakiwa na upana wa milimita 5 hivi, makubwa kuliko mengi yaliyotoka mawinguni. Tone la namna hiyo likianguka kutoka mita 8, hufika chini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likianguka kutoka mita 1, hata nusu ya kasi hiyo halifikii. Ndiyo maana chini ya mikaratusi iliyofagiliwa majani yake kwa ajili ya kuni, udongo huweza kupigwa vibaya kuliko mahali pa wazi. Inama utazame: vijiwe vimesimama juu ya vinguzo vya udongo, pembeni pote pamelika.

Kinga ni kile kilichogusa ardhi: majani yaliyopukutika, nyasi, maharage chini ya kahawa. Kwenye shamba la matoke tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 10, ila ziache nusu mita hivi kutoka kwenye shina, maana fukusi wa migomba hupenda unyevu ule. Mteremko ukiwa mkali, matandazo huweza kusombwa na maji. Anza na matuta yanayokatiza mteremko.