Picha za kwanza za mahekalu ya Wahindu: tafadhali msizikate wala msizibandike maelezo ya kubuni

Malalamiko yamezidi, ndo maana idara yetu ya kutunza picha imeona tuelezane. Watu wanachukua picha za zamani za mahekalu ya kusini mwa India, wanazitia rangi kwa programu, wanafuta madoa, wanakata pembeni, alafu wanazirusha kwenye magrupu na maelezo kwamba hekalu lilitelekezwa na waumini wakakimbia. Tunajua wengi hamna nia mbaya, lakini si kweli.

Zinazoulizwa sana ni za Linnaeus Tripe, kapteni wa jeshi, Mwingereza, ambaye 1856 serikali ya kikoloni ya Madras (Chennai ya leo) ilimteua kuwa mpigapicha wake, na 1857 hadi 1858 akazunguka Madurai, Srirangam, Thanjavur na kwingineko. Alitumia negativu (picha mama inayochapishiwa nakala) za karatasi iliyopakwa nta, manake kwenye joto lile unaziandaa mapema na kuzisafisha baadae, wakati negativu ya kioo chenye dawa mbichi inataka uandae, upige na usafishe papo hapo. Ila karatasi ni nzito kushika mwanga, inaachwa wazi muda mrefu, hata dakika kadhaa, kwa hiyo mtu akipita mbele ya gopuram, lile lango refu la mnara, haonekani au anabaki kama moshi tu. Uwanja mtupu kwenye picha sio uwanja usio na watu! Hili nimelieleza mpaka nimechoka. Hekalu la Meenakshi pale Madurai lilikuwa na ibada wakati ule na linayo mpaka leo.

Mawingu nayo. Dawa za zamani zilikuwa zinaunguza anga likatoka jeupe tupu, Tripe akawa anapaka rangi kwa mkono juu ya negativu kuweka mawingu. Ukiyafuta, umefuta kazi yake.

Thanjavur ndo pananiuma zaidi. Hekalu la Brihadisvara la mfalme Rajaraja wa kwanza wa Wachola, ukoo uliotawala kusini mwa India, lililokamilika 1010, limechongwa maandishi ya Kitamil kuzunguka msingi wake, na 1858 Tripe akayafuata ukutani kipande kwa kipande, picha 21 zikaunganishwa zikawa mkanda mmoja wa karibu mita 6. Zile herufi zinasomeka! Sasa mtu anakata pembeni ili itoshe kwenye simu, kumbe kaondoa maneno ya mstari mzima.

Wengine wanatutuhumu tumeficha picha za chumba cha ndani kabisa anapokaa mungu. Hatujaficha kitu, wasio Wahindu hawakuruhusiwa kuingia humo, na giza lake kamera za enzi hizo zisingeliweza.

Na sio Wazungu peke yao waliopiga. Deen Dayal, Mhindi aliyezaliwa 1844, alipiga majengo ya kale ya India ya kati kuanzia 1882, na kule Java, kisiwa cha Indonesia, Mjava Kassian Cephas alipiga mahekalu ya Prambanan 1889 na 1890.

Sasa utaratibu wa kuja kwetu kutazama picha, someni vizuri. Unajaza fomu, unaacha kitambulisho, unaingia na penseli tu, kalamu ya wino hapana. Flashi marufuku, mwanga wa mezani hauzidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa sababu picha hizi zikishafifia hazirudi. Karatasi inanyanyuliwa kwa mikono miwili na ubao wake chini, haigeuzwi bila mhudumu kuwepo. Ukitumia nakala popote taja mpigapicha, mahali, mwaka na namba ya kumbukumbu, na kama umeitia rangi andika wazi kwamba imetiwa rangi. Kosa la kwanza kadi yako ya kuingilia inasimamishwa na jina linaandikwa kwenye daftari, la pili kadi inachukuliwa na suala linakwenda kamati, ukichana unalipa gharama ya fundi wa kukarabati, na kusema hukujua haitakusaidia maana fomu umesaini.

Maombi ya nakala kubwa yanaletwa kwa maandishi. Ya mkanda wa Thanjavur yanachelewa kidogo kwa sababu kila kipande kinaskaniwa peke yake, na hatutoi nusu.