Skauti ni sikio

Juzi nimemsikia tena mtu akimtaja Lewis Wetzel, mlowezi wa Marekani wa karne ya 18, kama "skauti wa mpakani", na jirani yake akauliza kama alivaa skafu. Simlaumu. Kwetu skauti ni kijana wa gwaride, mfuasi wa yule mzee Baden-Powell aliyezikwa Nyeri mwaka 1941.

Kwa kifupi, skauti wa Marekani ya karne ya 18 alitangulia mbele ya jeshi au makazi ya walowezi, akanusa hatari, akarudi na habari. Basi.

Neno lenyewe limetoka katika Kifaransa cha kale, *escouter*, na nyuma yake Kilatini *auscultare*: kusikiliza. Kilatini hichohicho ndicho kilichowapa madaktari wa Ulaya jina la kazi ya kusikiliza kifua cha mgonjwa. Kwa hiyo skauti kwa asili ni sikio. Anajibanza kichakani, anasoma nyayo, anahesabu moshi wa kambi, anaondoka kimya. Akifyatua risasi ameshajitangaza, na kazi imeharibika. "Mpelelezi" wetu analibeba jambo hili vizuri tu, sijui kwa nini tunamkwepa.

Sasa mtazame Wetzel. Alizaliwa 1763, akakulia karibu na Wheeling, kando ya mto Ohio. Utotoni alitekwa na wenyeji wa asili wa Amerika pamoja na ndugu yake, wakatoroka. Sifa yake kubwa ilikuwa kushindilia gobori huku anakimbia: baruti, risasi, kugeuka, kupiga. Anayemfukuza alidhani bunduki ni tupu. Upelelezi aliufanya, sikatai, lakini jina halikukuzwa na habari alizoleta. Lilikuzwa na watu aliowaua, mara nyingi akiwa peke yake, bila kutumwa na yeyote.

Mwaka 1788, wenyeji wakija Fort Harmar, ngome ya jeshi, kwa mazungumzo ya amani, alimvizia mmoja wao, mtu wa kabila la Seneca, akampiga risasi. Jenerali Josiah Harmar, mkuu wa jeshi la Marekani kwenye eneo lile, akaagiza akamatwe. Walowezi wenzake wakamkingia kifua. Mwaka 1846 Virginia ikaipa kaunti nzima jina lake. Leo imo West Virginia, na jina halijabadilika.

Hilo "mpakani" nalo linanikera kidogo. Mpaka una pande mbili zinazoujua. Walowezi walikuwa na neno lao, *frontier*, la ukingo unaosogea mbele kila mwaka, juu ya ardhi ya Washawnee na Wadelaware ambao kwao pale palikuwa nyumbani.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukisimulia siku alizotangulia mbele ya wenzake kuchungulia njia, mwite mpelelezi, hata skauti ukipenda. Ukifika Fort Harmar, tumia neno lingine. Jenerali aliyetaka akamatwe hakuwa anatafuta skauti.